Mtaalamu wa Tiba ya Usemi: Kazi Inayowangoja Vijana Wetu

Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumzia magonjwa ambayo kila nyumba inayafahamu: malaria, kuhara, upungufu wa damu, shinikizo la damu. Mwezi huu tunaleta somo la namna nyingine. Tunazungumza na wazazi ambao mtoto wao amechelewa kusema, na familia ambazo baba au bibi amenyang'anywa maneno na kiharusi. Papo hapo tunazungumza na kijana wa kidato cha nne au cha sita anayejiuliza asomee nini. Watu hawa wanahitajiana, ingawa wengi wao hawajui.

Tuanze na kisa. Mama mmoja wa kigango cha mbali alifika zahanati na mtoto wake wa kiume mwenye umri wa miaka sita. Alimleta kwa sababu ya kikohozi. Sista muuguzi alipomwuliza mtoto jina lake, mama alijibu upesi, "Sista, huyu hasemi. Huyu ni bubu tu, tumekwisha zoea." Sista hakusema neno. Alizunguka nyuma ya mtoto akapiga makofi kwa nguvu. Watu wote waliokuwa kwenye benchi waligeuka, isipokuwa yule mtoto.

Baadaye mambo yalijulikana. Mtoto alikuwa ameanza kusema vizuri, "mama", "baba", "maji", na kuita kuku wa nyumbani. Akiwa na mwaka mmoja na nusu alishikwa na homa ya uti wa mgongo, akalazwa, akapona. Toka hapo maneno yakaanza kupotea moja moja. Wazazi walimpeleka kwa fundi akakatwa kimeo. Walipoona hakuna nafuu walimpeleka kwa mwingine akamkata kigozi cha chini ya ulimi. Mbuzi wawili waliuzwa. Katika muda wa miaka minne na nusu hakuna mtu aliyewaza kupima masikio.

Hospitali ya rufaa ilipompima iligundua kwamba masikio yote mawili yameharibika kwa kiasi kikubwa. Akapewa vifaa vya kusikia. Mama alifurahi sana, akadhani mtoto ataanza kusema juma lilelile. Lakini daktari alimwambia, "Mama, sasa tumempa sauti. Anahitaji mtu wa kumfundisha maana ya sauti hizo, na namna ya kuzitoa." Mama akauliza, "Mtu huyo yuko wapi?" Katika mkoa mzima hakupatikana. Vifaa vile viliishia kabatini, vimefungwa ndani ya kitambaa.

Mtu ambaye mama yule alimwulizia ndiye tunayetaka kumweleza leo.

KAZI HII NI IPI?

Huitwa mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Si daktari wa upasuaji, wala si mwalimu wa kawaida, ingawa ana kitu cha wote wawili. Yeye anashughulikia mambo makubwa matano.

Kwanza, matamshi: jinsi ulimi, midomo, meno na kaakaa vinavyoshirikiana kutoa sauti za maneno. Pili, lugha yenyewe, yaani kuelewa tunachoambiwa na kupanga maneno ya kujibu. Mtu anaweza kuwa na ulimi mzima kabisa na bado akakosa lugha, kwa sababu lugha hukaa katika ubongo. Tatu, ufasaha wa kusema, hasa kigugumizi. Nne, sauti inayotoka katika zoloto. Tano, kumeza. Jambo hili la mwisho huwashangaza wengi, lakini viungo vya kusemea ndivyo vilevile vya kulia chakula, na mtaalamu anayevijua kwa kusema anavijua pia kwa kumeza.

Vyombo vyake vya kazi ni vichache: picha, kioo kidogo, vitu vya kuchezea, daftari, na masikio yake mwenyewe. Dawa yake kubwa ni mazoezi yanayorudiwa siku kwa siku, na nusu ya kazi ni kumfundisha mzazi au ndugu wa mgonjwa ayaendeleze nyumbani.

ILIANZAJE?

Mwaka 1861 huko Paris, daktari Mfaransa Paul Broca alimpokea mgonjwa ambaye kwa miaka mingi alikuwa anatamka silabi moja tu, "tan". Alielewa aliyoambiwa, lakini kila alipotaka kujibu ilitoka silabi hiyohiyo. Alipofariki, Broca aliupima ubongo wake akakuta umeumia upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Tokea hapo wanasayansi walianza kutambua kwamba usemi una mahali pake katika ubongo, na kwamba mtu aliyepoteza maneno hakupoteza akili.

Nchini Marekani wataalamu wa fani hii waliunda chama chao mwaka 1925. Uingereza ilipata chuo chake cha kitaalamu mwaka 1945, na mmoja wa walioifungulia njia kazi hiyo huko alikuwa Lionel Logue, mzaliwa wa Australia. Kuanzia mwaka 1926 Logue alimsaidia mtoto wa mfalme aliyekuwa na kigugumizi kikubwa. Mtoto huyo alirithi ufalme mwaka 1936 akaitwa Mfalme George wa Sita. Tarehe 3 Septemba 1939 vita ilipotangazwa, mfalme huyo alihutubia watu wake kwa redio, naye Logue alikuwa pembeni yake. Tunataja habari hii kwa sababu wako wazazi wanaodhani kwamba kigugumizi ni dalili ya ujinga au ya woga. Mfalme alikuwa nacho, akafanya mazoezi, akafanya kazi yake.

Katika Afrika Mashariki kazi hii ni changa. Kwa muda mrefu aliyetaka kuisomea ilimlazimu kwenda ng'ambo au Afrika Kusini, na wataalamu wachache tuliokuwa nao wengi walikuwa wageni waliokuja kwa muda. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Makerere, nchini Uganda, kilianza kutoa shahada ya fani hii. Hapa Tanzania, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili nacho kimeweka shahada inayounganisha mambo mawili, yaani usikivu na tiba ya usemi. Njia ambayo zamani ilikuwa imefungwa, leo iko wazi.

NI AKINA NANI WANAOHITAJI MSAADA HUU?

Wasomaji wengi watajibu, "viziwi na mabubu". Kwanza tuseme wazi kwamba neno "bubu" limewaumiza watoto wengi. Mara nyingi anayeitwa bubu ni mtoto asiyesikia, basi. Kwa kuwa hajasikia maneno, hana cha kuigiza. Kanisa liliwajali watoto hawa mapema: shule ya viziwi ya Tabora ilianzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963, na ndiyo ya kwanza ya namna hiyo nchini. Lakini orodha ni ndefu kuliko hapo.

Wapo watoto waliozaliwa na mdomo au kaakaa lililopasuka. Upasuaji huziba ufa, lakini baada ya kushonwa baadhi yao huendelea kutolea maneno puani. Wapo watoto wenye mtindio wa ubongo, ambao misuli ya midomo na koo haiwatii. Wapo wenye usonji. Wapo walionusurika na malaria kali: utafiti uliofanywa Kilifi, nchini Kenya, ulionyesha kwamba karibu mtoto mmoja kati ya wanne waliopona malaria kali alibaki na upungufu fulani, na lugha ni mojawapo ya mambo yaliyoathirika. Wapo watoto wenye ugonjwa wa selimundu, ambao wanaweza kupata kiharusi wakiwa bado wadogo.

Wapo wenye kigugumizi. Katika kila watoto mia, kama watano hivi hupita katika kipindi cha kugugumiza, hasa kati ya miaka miwili na mitano. Wengi wao huacha wenyewe, na anayebaki nacho ukubwani ni kama mtu mmoja katika mia. Wavulana wanaobaki nacho ni wengi kuliko wasichana.

Kwa watu wazima, kiharusi ndicho kinachoongoza. Kama theluthi moja ya waliopata kiharusi hupoteza lugha, wengine kidogo, wengine yote. Hali hii huitwa afasia. Wapo pia walimu, waimbaji wa kwaya na wahubiri ambao sauti zao zimechakaa kwa kupaza sauti kila siku katika vyumba vyenye watu wengi.

Tangu mwaka 2017 hospitali ya taifa Muhimbili imekuwa ikipandikiza kifaa cha usikivu katika sikio la ndani kwa watoto waliozaliwa bila kusikia. Ni hatua kubwa. Lakini kifaa hicho hakimpi mtoto maneno. Kinamfungulia mlango tu, na baada ya upasuaji inafuata miaka ya mazoezi ya kusikiliza na kusema. Kadiri upasuaji unavyoongezeka, ndivyo mtaalamu wa usemi anavyozidi kuhitajika.

KWA NINI AWE MTU WA LUGHA YETU?

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Daktari wa mifupa anaweza kutoka nchi yoyote akaunga mfupa wa mtu wa Singida bila kujua neno moja la Kinyiramba. Mtaalamu wa usemi hawezi. Anachokitibu ni lugha yenyewe, naye hawezi kuitibu lugha asiyoijua kwa ndani.

Tuchukue mifano. Mtoto wa Kiingereza wa miaka miwili hutazamiwa aanze kuunganisha maneno mawili. Mtoto wetu akisema "sitaki", ametamka neno moja, lakini ndani yake yumo yeye mwenyewe, kipo kitendo na kipo kikanusho. Ukimpima kwa kuhesabu maneno tu, kama baadhi ya vipimo vya ng'ambo vinavyofanya, utamwona yuko nyuma kumbe hayuko.

Mtoto wa miaka mitatu akisema "kitabu yangu imepotea", je, ni mgonjwa? Anayekijua Kiswahili atajua kwamba upatanisho wa maneno huchukua muda kukomaa, tena atauliza kwanza jinsi watu wazima wa nyumbani kwake wanavyosema. Mtu mzima akisema "samani" badala ya "thamani", au akachanganya "l" na "r" kwa sababu lugha ya kwao haina tofauti hiyo, huo si ugonjwa hata kidogo. Mtaalamu mgeni anaweza kupoteza miezi akitibu lafudhi, huku tatizo lenyewe likimpita.

Kwa wazee jambo hili ni kubwa zaidi. Mzee aliyepata kiharusi huenda akabaki akisema, "Mimi... soko... jana." Zile silabi ndogo zinazoshikamanisha maneno yetu, ni-, -li-, na ile -ni ya mwisho, zimepotea, asiweze kusema "nilikwenda sokoni jana". Wengine hurudiwa kwanza na lugha ya mama, Kichaga au Kisukuma, na Kiswahili hufuata baadaye. Wengine huwa kinyume chake. Mtaalamu anayetoka katika jamii hiyo atalitambua jambo hili siku ya kwanza. Mgeni atadhani mzee anabwabwaja.

Tunawashukuru wageni waliotuanzishia kazi hii, na bado wanahitajika kufundisha. Lakini hakuna nchi itakayotuletea wataalamu wa Kiswahili, Kihaya au Kimakonde. Hao hawana budi kutoka katika nyumba zetu.

NJIA YA KUIFIKIA KAZI HII

Kijana anayevutwa na kazi hii afanye nini?

1. Asome sayansi tangu sekondari. Vyuo vya afya huangalia Baiolojia, Kemia na Fizikia. Anayechagua masomo ya kidato cha tano afikirie mchepuo wa PCB. Lakini asidharau lugha. Mwanafunzi anayependa Kiswahili na sayansi kwa pamoja, ambaye huambiwa kila siku achague kimoja, hapa amepata mahali ambapo vyote viwili vinatakiwa.

2. Achunguze vyuo mapema. Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu hutoa mwongozo unaotaja kozi zote na sifa za kujiunga. Autafute kabla ya kuomba, asitegemee habari za kusikia, kwa maana masharti na ada hubadilika. Asisahau kuuliza habari za mkopo wa serikali.

3. Ajue atakayosoma. Katika nchi nyingi shahada ya kwanza huchukua miaka mitatu au minne. Mwanafunzi husoma maumbile ya kichwa, shingo na kifua, kazi za ubongo na mishipa ya fahamu, usikivu, isimu na fonetiki (yaani elimu ya lugha na ya sauti zake), saikolojia na makuzi ya mtoto. Sehemu kubwa ni mazoezi na wagonjwa chini ya msimamizi. Huko Afrika Kusini mhitimu huongeza mwaka mmoja wa kuitumikia jamii. Marekani shahada ya kwanza haitoshi: inatakiwa ya uzamili, mtihani, na miezi ipatayo tisa ya kufanya kazi chini ya uangalizi. Anayetaka kusoma nje aulize kwanza kama shahada hiyo itatambuliwa akirudi nyumbani.

4. Aone kazi kwa macho yake. Kabla ya kuomba chuo, aende hospitali yenye mtaalamu huyu, au katika kituo cha watoto wenye ulemavu, aombe kukaa siku chache akitazama. Wako waliobadili nia baada ya siku mbili, na hilo si kosa. Wako ambao hawakutaka kuondoka.

5. Waliokwisha kuwa kazini wasijione wamechelewa. Muuguzi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, au mwalimu wa elimu maalumu, kama wale wanaopitia Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha, tayari ana msingi mzuri, na anaweza kujiendeleza kuelekea huku.

TUSEME UKWELI

Hatutaki kumdanganya mtu. Kazi hii haina haraka ya kuleta utajiri. Katika hospitali na wilaya nyingi watu hawajaijua, na mhitimu anaweza kulazimika kueleza yeye ni nani kabla ya kupewa chumba cha kufanyia kazi. Afuatilie kwa makini habari za ajira katika hospitali za serikali, za mashirika ya dini na za watu binafsi, na katika shule zenye watoto wa mahitaji maalumu.

Tena matunda yake huchelewa. Mtoto anaweza kuchukua miezi mitatu kupata sauti moja ya "k". Mzee wa kiharusi anaweza kufanya mazoezi mwaka mzima ili aweze kuita majina ya wajukuu zake. Asiye na subira atachoka. Asiyependa kusikiliza asianze kabisa. Lakini aliyewahi kuwapo siku mama anapoitwa "mama" kwa mara ya kwanza na mtoto wa miaka mitano, huyo hatuna haja ya kumweleza mshahara mwingine wa kazi hii.

Na wazazi tuwape vijana nafasi. Tumezoea kusema, "Mwanangu awe daktari, mhandisi au mwanasheria." Mtoto akitaja kazi tusiyoijua tunacheka. Tusicheke. Tuulize.

TUFANYE NINI NYUMBANI KWA SASA?

Wakati tunawangoja wataalamu hao, yapo mambo ambayo kila familia inaweza kuyafanya.

Mtoto mchanga: tuangalie kama anashtushwa na kishindo. Kufikia mwaka mmoja anapaswa kugeuka akiitwa jina, na maneno yake ya kwanza yawe yameanza au yanakaribia. Kufikia miaka miwili aanze kuunganisha maneno, kama "mama maji" au "baba njoo". Akifika miaka minne, hata mgeni anapaswa kumwelewa kwa sehemu kubwa. Asipofikia hayo, au akianza kupoteza maneno aliyokuwa nayo, apelekwe hospitali bila kungoja, na jambo la kwanza kuomba ni kupimwa masikio. Tusijifariji kwa kusema, "Hata baba yake alichelewa."

Kukata kimeo: kimeo si sababu ya mtoto kutosema, wala kukikata hakuleti maneno. Kukatwa na fundi wa mtaani huweza kuleta kutokwa damu nyingi, pepopunda na maambukizo mengine, hata Virusi vya Ukimwi, na watoto wamepoteza maisha. Kigozi cha chini ya ulimi nacho ni mara chache kiwe ndicho kizuizi cha kusema. Kikihitaji kukatwa, kazi hiyo ni ya hospitali.

Lugha mbili: mtoto anayesikia Kiswahili na lugha ya kabila nyumbani hachanganyikiwi kichwa. Bibi asizuiwe kuzungumza na mjukuu kwa lugha yake. Kinachomdhuru mtoto ni kutozungumziwa. Tuseme naye tukiwa tunapepeta mchele, tunafua, au tunakwenda kisimani.

Mwenye kigugumizi: tusimmalizie neno, tusimwambie "vuta pumzi, anza tena", wala tusiruhusu ndugu zake wamwigize. Tumtazame usoni kwa utulivu, tungoje amalize, nasi tujibu polepole. Kikizidi miezi sita, au mtoto akianza kukwepa kusema, tutafute ushauri.

Mgonjwa wa kiharusi: tusimpigie kelele, yeye si kiziwi. Tusimwongelee kama mtoto mdogo. Tuseme sentensi fupi, tuulize maswali ya kujibiwa kwa ndiyo au hapana, tumwonyeshe kitu kwa kidole. Apewe chakula akiwa ameketi wima, kidogo kidogo. Akikohoa kila anapokunywa, au sauti yake ikiwa kama ina maji ndani, chakula huenda kinaingia mapafuni na kuleta nimonia. Aonwe na daktari mapema.

Sauti: walimu na wanakwaya wanywe maji ya kutosha, wapunguze kupaza sauti na kukohoa ili kusafisha koo, na wapumzike wanapokaukiwa. Ukavu wa sauti unaozidi wiki tatu unatakiwa kuchunguzwa, kwa maana waweza kuwa ni mafua yaliyochelewa kuisha, na waweza kuwa ni uvimbe.

KWA KUMALIZIA

Yule mtoto wa kisa chetu anasoma sasa katika shule ya viziwi. Anajua lugha ya alama, ana rafiki, anachora vizuri, na mama yake naye anajifunza alama hizo ili waweze kuzungumza. Tunamshukuru Mungu kwa hayo, kwa sababu lugha ya alama ni lugha kamili, na mtoto aliyeipata amepata njia ya kueleza yaliyomo moyoni. Hata hivyo mama bado ana vile vifaa kabatini. Siku moja alituuliza tena, bila hasira, "Yule mtu wa kufundisha kusema, amekwisha patikana?"

Hatukuwa na jibu. Labda jibu liko darasani wakati huu, katika mojawapo ya parokia zetu, linajiandaa kwa mtihani wa Baiolojia.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA FAMILIA NA JUMUIYA

1. Je, katika mtaa wetu kuna mtoto anayeitwa "bubu"? Amewahi kupimwa masikio? Nani kati yetu atawasindikiza wazazi wake hospitali?

2. Je, tuna mzee aliyepoteza maneno kwa kiharusi, ambaye tumeacha kumtembelea kwa sababu "hawezi kuongea"?

3. Tunawaambia nini watoto wetu wanapomcheka mwenzao mwenye kigugumizi?

4. Ni kijana gani katika jumuiya yetu anayependa sayansi na lugha, mwenye subira na watoto? Je, tumemwambia kwamba kazi hii ipo?